Msitu wa Magamba na Haki ya Wenyeji
Wengi wetu wa Visiwani hudhani kuwa kutazama wanyama ni lazima kufika Serengeti. La hasha! Nusu siku ya kutembea na kiongozi mwenyeji katika msitu wa Magamba, karibu na mji wa Lushoto, yatosha kuwaona mbega, kima na vinyonga, ambao baadhi yao hawapatikani penginepo duniani.

Mwaka 2016 Serikali ilisitisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Ulikuwa uamuzi wa busara, lakini amri peke yake hailindi msitu. Huko Jozani, kima punju hula mazao ya wakulima, nao wanavijiji hugawiwa sehemu ya mapato ya wageni. Hatuna budi kuwakumbusha viongozi wa Lushoto: mwenyeji asiyefaidika na msitu hatautetea.