Usicheke Starlet: Hiyo Ndai Ndogo Ndio Inabeba Mtaa

Ukiwa na Starlet hapa Nairobi, kuna swali moja lazima utaulizwa: "Sasa utanunua gari lini?" Wenye Vitz za kitambo wanajua hiyo stori, meme zao hazijawahi isha. Mimi nadrive Starlet ya EP82 kila siku, mangware nikienda wera, jioni nikirudi keja, na wikendi nikibeba mathe kumpeleka ocha. Hii ni moti kamili na naipenda. Kama yako inakusumbua, usikimbilie kusema imezeeka. Nimecheki ndai mob zikidedi hapa mtaani, na nyingi ziliuliwa na shortcut za garage.

Anza na yenyewe. EP82 ilianza kutoka Japani mwisho wa 1989, EP91 ikachukua nafasi yake 1996, na 1999 Toyota wakafunga hiyo laini, Vitz ikaingia. Injini ya 4E iko na sisi 1331, na gari yote haifiki hata tani moja, ndio maana inatoka kwa taa za Donholm ikiwa nyepesi hivyo. Sasa sheria ya Kenya hairuhusu gari ya zaidi ya miaka 8 kuingia nchini. Hiyo inamaanisha hakuna Starlet ingine inakuja na meli. Zenye ziko ndio hizo, na kila moja inauzwa chuma kwa kilo hairudi. Ukiwa nayo, umeshika kitu.

Spea nazo haziko mbali. Hiyo 4E iliingia pia kwa Toyota 110 zingine, kwa hivyo ukifika Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan, hukosi plagi, distribyuta ama CV joint ya ex-Japan. Na ukiwa na spana ya 10, 12 na 14 umefungua karibu kila kitu chini ya boneti.

Doo sasa. Starlet safi unaipata chini ya laki tatu. Moti ndogo imetoka meli juzi ni milioni na kitu, na vijana wengi wenye naona nayo wamechukua loan. Wikendi wanapiga picha nayo, Jumatatu inalala parking ju mafuta haiko, alafu end month benki inachukua yake kwanza. Inaniuma kuona msee wa miaka 26 akikosa usingizi ndio majirani wamuone. Oktoba 2023 super ilifika 217.36 kwa lita hapa Nairobi, na hiyo ndio miezi nilijua nilichagua poa. Yangu hunipea kama kilomita 14 kwa lita, na mabeshte watatu wa mtaa huchangia, kila mtu soo, tunaingia tao pamoja. Ukienda peke yako, njia moja kila siku, matatu bado itakushinda kwa bei. Hiyo lazima nikuambie.

Na hizi ndai zimetetewa. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa unataka kila mwenye gari alipe asilimia 2.5 ya bei ya gari kila mwaka akichukua insurance, isipungue Sh5,000 na isipite Sh100,000. Piga hesabu. Moti ya laki moja na nusu ingelipa ngiri tano, zaidi ya asilimia 3. V8 ya milioni ishirini ingelipa laki moja, nusu asilimia tu. Yaani mwenye Starlet angebebeshwa mzigo mkubwa kuliko mheshimiwa. Kelele ilipigwa, na Juni 18 kamati ya Bunge ikaitoa hiyo ushuru, wiki moja kabla vijana wajaze tao Juni 25 kuupinga huo mswada. Kila mwenye ndai ndogo anafaa kukumbuka hiyo hesabu, ju wazo kama hilo linaweza rudi.

Turudi kwa shortcut, ju hapo ndipo Starlet nyingi zinaisha. Kuna kitu inaitwa themostati. Ni kadogo, kanatoshea kwa kiganja, kanakaa kwa njia ya maji kati ya injini na redieta. Kazi yake ni kuzuia maji isipite redieta mpaka injini ishike joto, kama digrii 82, alafu inafunguka pole pole. Makanika wengi wakiskia ndai inaoverheat, kitu ya kwanza wanafanya ni kuing'oa na kuitupa. Mimi nimesimama kwa garage ya mtaa, mzee ameshika yangu mkononi, ananiambia, "Kijana, hii ni ya nchi za baridi. Hapa kwetu tunatoanga." Nikamwambia, "Mzee wangu, naomba uirudishe, tutafute shida yenyewe." Hakukasirika. Aliirudisha, tukasaka pamoja, tukapata mfuniko wa redieta umechoka, raba yake imekatika.

Huo mfuniko watu huudharau sana. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, na huku maji huchemka kwa kama digrii 94, haingoji 100. Mfuniko ndio unashikilia presha ndani ndio maji isichemke mapema. Ukilegea, ndai itachemka kwa jam ya Jogoo Road hata kama redieta ni mpya. Kubadilisha huo mfuniko ni pesa kidogo. Ukiing'oa themostati badala yake, injini inakimbia baridi siku yote, kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inaongeza mafuta, plagi zinatoka nyeusi, na wewe unaambia watu Starlet inakunywa.

Maji ya mfereji nayo ndio muuaji mkubwa. Bloku ya 4E ni chuma, kichwa ni aluminiamu. Ukiweka maji tupu, chuma inashika kutu, kutu inaziba redieta, joto inapanda, kichwa kinapinda, gasketi inaenda. Hapo ndio unaambiwa, "Boss, hii injini imeisha, nunua ingine." Ingewekwa kulanti kila wakati, hiyo injini ingekuwa barabarani. Naskia vibaya kila nikipita garage nikaona EP91 safi imekaa juu ya mawe sababu ya kitu kama hiyo.

Kuna kitu ingine nataka kila mwenye hizi moti ajue, ju inakuokolea doo ya mashine. Kama yako ni ya EFI, chini ya boneti kuna kaboksi ka plastiki kameandikwa DIAGNOSIS. Fungua kifuniko, ndani kimechorwa kila shimo ni ya nini. Tafuta TE1 na E1, hizo mbili peke yake, uziunganishe na kipande cha waya, alafu weka suichi on bila kupiga stata. Cheki taa ya injini kwa dashibodi. Ikiblink mfululizo bila kupumzika, kompyuta haina malalamishi. Yangu siku moja iliblink mbili, ikanyamaza, ikablink mbili tena. Hiyo ni 22, sensa ya joto ya maji. Nikaifuata kwa vidole, nikapata plagi yake ya waya imelegea, nikaisafisha, nikaisukuma ikaingia. Sikulipa mtu hata bob. Siku hiyo nilielewa kwa nini nimeshikilia hii ndai: naeza kuifungua, niisome, niiskie.

Na inafanya kazi ya watu. Siz yangu hutoka shift saa tano usiku, saa hiyo nauli imepanda na kusimama stage peke yake hataki. Naenda kumchukua, tunaongea mpaka nyumbani. Tukienda ocha, kupanda kutoka Mai Mahiu naangalia sindano ya joto kuliko simu, na kuteremka nashuka na gia ya pili, breki nazipumzisha. Hapo nikuambie wazi: EP82 nyingi kama yangu hazina airbag wala ABS. Fanya breki na matairi ziwe kitu ya kwanza kwa bajeti, rimu na muziki zije baadaye, na Thika Road usishindane na nganya. Mathe wangu hukaa kiti cha mbele na mshipi, siendi kabla afunge.

Kama unasaka yako sai, toa 550 uangalie rekodi za NTSA kabla utoe pesa ingine yoyote, na mwenye jina kwa logbook afanye transfer kwa eCitizen wewe ukiwa hapo. Hizi ndai zimepita mikono mob, na wengine waliuziana kwa karatasi tu. Alafu mwambie muuzaji asiiwashe kabla ufike. Gusa boneti, iwe baridi, umsikie akiipiga stata ya kwanza ya siku. Lakini kabla hata aiwashe, fungua mfuniko wa redieta, uchungulie ndani. Maji ikiwa na rangi ya kutu, mshukuru, uendelee kusaka. Ikiwa ni kulanti safi, ya kijani ama nyekundu, hapo mtu amekuwa akiitunza. Anza kubonga bei.