Kosa Hufutwa, Mgeni Huelekezwa

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, huandikwa na watu wa kujitolea. Tuchukue mfano wa mhudumu wa afya wa Ringwani, wilayani Serengeti, ambaye katika uhariri wake wa kwanza anaandika kwamba aliyeumwa na nyoka afungwe kamba kwa nguvu na achanjwe chale. Kamba huzuia damu na huweza kuozesha kiungo. Chale huongeza uvujaji wa damu na maambukizi. Mhariri mzoefu hana budi kuuondoa ushauri huo mara moja.

Hata hivyo, kufuta kimyakimya hakutoshi. Utafiti kuhusu Wikipedia ya Kiingereza, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba wageni wenye nia njema ambao kazi yao hukataliwa huelekea kuacha kuhariri. Kwa hiyo mgeni huyo aandikiwe katika ukurasa wake wa majadiliano: ashukuriwe, aelezwe sababu, aonyeshwe mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kisha aombwe aandike lililo sahihi: mgonjwa atulizwe, avuliwe pete na bangili, kiungo kisitikiswe, afikishwe kituo cha afya haraka. Akiachwa aondoke, wasomaji hupoteza mwandishi aishiye karibu na wagonjwa wenyewe.