Motokaa Ndogo ya Zamani Inapochemka Njiani

Motokaa ndogo za zamani zingali zikionekana katika barabara za Kenya. Zimo Morris Minor, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Mini, iliyotokea mwaka 1959. Datsun 1200 ya Japani, ya mwaka 1970. Na Volkswagen yenye mgongo kama wa kobe. Baadhi yazo hung'arishwa na kupelekwa kwenye maonyesho, lakini nyingine zafanya kazi ya kila siku: humpeleka mwenyewe kazini, humrudisha na gunia la viazi, na Jumapili huwachukua jamaa wote kwenda kanisani. Injini ya motokaa ya namna hiyo ikiharibika, nyumba nzima imevunjika mguu.

Adui mkubwa wa injini hizo ni joto. Mtu atokaye Mwiki alfajiri kwenda Nairobi kwa njia ya Kasarani huijua foleni ya magari, iendayo hatua chache na kusimama. Hapo ndipo sindano ya joto ipandapo, mvuke ukatoka chini ya boneti, na dereva akashikwa na wasiwasi. Atakayoyafanya katika dakika chache zifuatazo ndiyo yataamua kama motokaa itarudi nyumbani yenyewe au kwa kuburutwa, na kama dereva atarudi akiwa mzima.

KWA NINI JOTO HUZIDI

Petroli iunguapo ndani ya silinda, joto la moto wake hupita digrii 2,000 za Sentigredi kwa muda mfupi sana. Katika injini za zamani, kiasi cha robo tu ya nguvu ya petroli ndiyo huzungusha magurudumu. Iliyobaki hutoka kwa njia ya ekzosi au huingia katika chuma cha injini. Kazi ya maji ni kulichukua joto hilo na kulipeleka kwenye rejeta, ambako hewa hulipoza.

Motokaa ikienda mbio, upepo huja wenyewe. Ikisimama, hutegemea feni. Katika motokaa nyingi za siku hizi feni huzungushwa kwa umeme, na huweza kwenda kasi hata injini ikiwa imetulia. Katika nyingi za zamani, feni huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda. Injini ikienda polepole katika foleni, feni nayo huenda polepole, na pampu ya maji vivyo hivyo. Ndiyo sababu motokaa iliyopanda mlima bila taabu huweza kuchemka mahali tambarare penye msongamano. Mini za kwanza zina taabu zaidi, kwa kuwa rejeta yake iliwekwa ubavuni mwa injini, wala si mbele penye upepo.

Liko na jambo la pili, nalo ni urefu wa nchi. Mombasa, maji huchemka kwa digrii 100. Mwiki, iliyo kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa digrii 95 hivi. Na Limuru, kwenye zaidi ya mita 2,000, huchemka chini ya hapo. Kwa hiyo watengenezaji waliweka kifuniko chenye springi, ambacho huyabana maji, na maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka. Namba iliyopigwa juu ya kifuniko, kwa mfano 7 au 13, ni nguvu ya kubana, kwa ratili katika kila inchi ya mraba. Kifuniko cha 7 huongeza kiasi cha digrii 11. Springi ikilegea au mpira wake ukipasuka, faida hiyo yote hupotea, hata kama rejeta ni mpya.

SINDANO INAPOPANDA

Sindano ikianza kupanda lakini haijafika mwisho, na motokaa imenaswa katika foleni, dereva aitoe gia na kukanyaga mafuta kidogo tu, ili feni na pampu ziende kasi. Tena afungue hita, kama ipo, pamoja na madirisha. Hita hulitoa joto kwenye injini na kulileta ndani. Dereva atatoka jasho, lakini injini itapata nafuu.

Mvuke ukionekana, au sindano ikifika mwisho, shauri ni moja: atoke barabarani, asimame na kuzima injini mara moja. Asijidanganye kwamba atafika tu hapo mbele. Katika mwendo mfupi kama huo kichwa cha injini huweza kupinda, na gasketi iliyo chini yake kuungua. Na hapo gharama ya fundi haitakuwa tena ya mpira wa maji, bali ya kufungua injini nzima. Aweke pembetatu za kuonya mbele na nyuma, atie jiwe chini ya gurudumu ikiwa pana mteremko, na abiria wote wasimame mbali na njia ya magari.

Kisha angoje, kwa muda usiopungua nusu saa. Asimwage maji baridi juu ya injini, wala asiyatie ndani ingali moto. Chuma chenye joto kikipata baridi ghafula huweza kupasuka, kama gilasi baridi ipasukavyo ikitiwa chai inayochemka.

KIFUNIKO KISIGUSWE

Hapa ndipo watu huumia. Maji yaliyomo katika rejeta huenda yamepita digrii 100, lakini hayajageuka mvuke kwa sababu yamebanwa. Mtu akifungua kifuniko, nguvu iliyoyabana huondoka, na sehemu ya maji hugeuka mvuke papo hapo. Nao mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,500 kuliko maji uliyotokana nayo. Kwa hiyo hutoka kwa kishindo pamoja na maji ya moto, ukampiga aliye karibu usoni, kifuani na mikononi. Vijana wanaokuja kusaidia kwa moyo mwema nao wazuiwe.

Mpira mkubwa wa juu wa rejeta ukiweza kushikwa bila kuunguza mkono, na ukibinywa ukawa laini, ndipo kifuniko kifunguliwe kwa kitambaa kinene, uso ukiwa umegeuzwa kando. Kizungushwe hadi kituo cha kwanza tu. Mvuke uliobaki ukiisha kutoka, ndipo kiondolewe. Maji yatiwe kidogo kidogo. Baadaye injini iwashwe, na maji yaongezwe kadiri yanavyoshuka.

Aliyemwagikiwa na maji ya moto apozwe kwa maji safi ya baridi yatiririkayo, kwa muda wa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Dawa ya meno, siagi na yai visipakwe juu ya jeraha, kwani haviponyi, na huweza kulitia uchafu.

KUTAFUTA SABABU

Joto la injini ni kama homa ya mwanadamu: ni dalili, na ugonjwa wenyewe uko mahali pengine. Mwenye kuongeza maji kila asubuhi bila kuuliza yanakokwenda hajatibu kitu.

Kwanza autazame mkanda wa feni. Ukibonyezwa kwa kidole katikati ya sehemu yake ndefu, ushuke kiasi cha nusu inchi. Ukishuka zaidi umelegea, na ukiwa na nyufa ubadilishwe. Pili, aitazame mipira ya maji, hasa mahali inapofungwa kwa bana. Tatu, atazame kama pampu inavuja. Nne, aimulike rejeta: vumbi la kiangazi, matope ya masika na wadudu huziba nafasi za kupitisha upepo. Ioshwe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kuelekea nje.

Sababu nyingine haziko katika maji. Cheche ya plagi ikichelewa, kabureta ikitoa petroli pungufu, au breki ikishika gurudumu, injini hupata moto kupita kiasi. Lakini mafuta ya injini yakionekana na rangi ya chai ya maziwa, au mapovu yakitoka katika rejeta bila kukoma, au moshi mzito mweupe ukitoka ekzosi hata injini ikiwa imekwisha pata moto, yaelekea gasketi ya kichwa imeungua. Hapo motokaa isiendeshwe hadi fundi aione.

Iko desturi moja ya mafundi inayofaa kuangaliwa, yaani kuing'oa themostati na kuitupa. Themostati ni mlango mdogo uyazuiao maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wa kutosha. Bila mlango huo injini hukaa baridi muda mrefu asubuhi, hula petroli nyingi na kuchakaa upesi. Na ugonjwa wa kweli, kama vile rejeta iliyoziba, hubaki umefichwa. Themostati hupimwa kwa urahisi nyumbani. Ifungwe kwa uzi na kuning'inizwa katika sufuria ya maji juu ya jiko. Nyingi hufunguka kwenye digrii 82 hivi, na kwa kuwa Mwiki maji huchemka kwa digrii 95, yapasa iwe wazi kabla maji hayajatokota. Isipofunguka, inunuliwe nyingine ya namba ile ile.

VOLKSWAGEN

Volkswagen ya zamani, ambayo ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki mwaka 1962, haina rejeta wala maji. Injini yake iko nyuma, nayo hupozwa kwa upepo wa feni na kwa mafuta. Mkanda ule ule huzungusha feni na jenereta. Kwa hiyo taa nyekundu ya jenereta ikiwaka njiani, huenda mkanda umekatika na injini haipati upepo. Dereva asimame mara moja. Mafuta yake ni lita mbili na nusu tu, basi yakipungua hata kidogo joto hupanda. Wala bati zinazoizunguka injini zisiondolewe, kwa kuwa ndizo huuongoza upepo uendako.

KINGA

Maji ya mvua yaliyochujwa ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi, ambayo huacha magamba ndani ya rejeta. Bora zaidi ni maji yaliyochanganywa nusu kwa nusu na dawa ya rejeta, maana huzuia kutu na kuchelewesha kuchemka. Lakini dawa hiyo mara nyingi ni sumu yenye ladha tamu. Iwekwe mbali na watoto na mbwa, wala isimwagwe uani.

Kabla ya kutoka Mwiki, injini ikiwa baridi, mwenye motokaa apime maji na mafuta na kushika mkanda kwa mkono. Ndani ya buti awe na lita tano za maji, mkanda wa akiba, kitambaa kinene na tochi. Kazi hiyo haizidi dakika tano. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika injini ya zamani, ufa huo mara nyingi ni tone moja la maji chini ya motokaa, lionekanalo asubuhi na kila apitaye.