Je, Wajua? Ligi ya Besiboli Iliyowakataa Vijana

Je, wajua kuwa St. Petersburg Pelicans, timu ya kulipwa ya besiboli huko Florida, Marekani, ilitwaa ubingwa wa ligi ambayo kijana hakuruhusiwa kuicheza? Ligi hiyo, Senior Professional Baseball Association, ilianza Novemba 1989 ikiwa na timu nane, zote za Florida. Ili usajiliwe ulipaswa kuwa na miaka 35 au zaidi. Wadaka mpira tu ndio waliopunguziwa, wakaruhusiwa kuanzia miaka 32, maana kuchutama nyuma ya mpigaji mechi nzima humaliza magoti mapema.

Mwanzilishi wake, Jim Morley, alikuwa mfanyabiashara wa ardhi na majengo. Majina aliyoyapata yalikuwa makubwa: Rollie Fingers alirudi kurusha mpira akiwa na miaka 43, na Ferguson Jenkins, mrushaji kutoka Kanada, alikuwa amewazidi wengi wao kwa umri. Timu kali zaidi ilikuwa West Palm Beach Tropics ya kocha Dick Williams. Ilishinda mechi 52 kati ya 72, lakini Februari 1990 ikafungwa fainali na Pelicans, 12 kwa 4.

Lakini mtu wa kukumbukwa kuliko wote katika ligi hiyo hakugusa mpira. Kamishna wake alikuwa Curt Flood. Mwaka 1969, baada ya misimu 12 na St. Louis Cardinals, aliambiwa amehamishiwa Philadelphia. Kanuni ya wakati ule ilimfunga mchezaji kwa klabu yake. Klabu ikiamua kumhamisha, yeye hakuwa na la kusema. Flood, Mmarekani mweusi, alisema yeye si mali ya kuuzwa na kununuliwa, akaenda mahakamani. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ilimkatalia kwa kura 5 dhidi ya 3. Miaka mitatu baadaye kanuni ile ilivunjwa kwa uamuzi wa msuluhishi, katika shauri la wachezaji wengine, na malipo ya wachezaji yakapanda sana. Yeye alikuwa ameshapoteza kazi yake. Kwangu mimi, kumpa Flood kiti hicho ndilo jambo bora kuliko yote lililofanywa na ligi hiyo.

Ndiyo maana kisa cha Luis Tiant kinauma. Mrushaji huyo maarufu kutoka Kuba alihamishwa kutoka timu moja ya ligi hiyohiyo kwenda nyingine kwa bei ya midoli 500 ya dubu! Watu walicheka, lakini mchezaji wa hadhi yake hakustahili biashara ya namna hiyo.

Watazamaji walikuwa wachache, na wamiliki wakapata hasara. Msimu wa pili ulianza na timu sita, baadhi zikiwa Arizona na California, ukasimama katikati. Ligi ilifungwa tarehe 26 Desemba 1990.

Hata hivyo kuna aliyefaidika. Danny Boone, mrushaji wa Bradenton Explorers, hakuwa amecheza ligi kuu tangu 1982. Mwaka 1990, akiwa na miaka 36, Baltimore Orioles walimrudisha. Flood alifariki Januari 1997. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria yenye jina lake, inayowapa wachezaji wa ligi kuu ya besiboli kinga ileile ya kisheria waliyokuwa nayo wanamichezo wengine.