Nyumba Inayofaa Jamaa Yetu

Katika mambo ya dunia ni machache yanayomsumbua baba na mama wa jamaa kama nyumba. Mshahara ukipatikana, sehemu kubwa huishia mkononi mwa mwenye nyumba. Hata hivyo wengi wetu huchagua makao kwa macho tu: mlango wa chuma, rangi ya ukuta, sifa ya mtaa. Yafaa tuyachague kwa akili, kwa maana ndani ya kuta hizo watoto watastawi au watadhoofika.

Eklezya nayo haikulinyamazia jambo hili. Katika Hati ya Haki za Jamaa, iliyotolewa Roma tarehe 22 Oktoba 1983, imetangaza kwamba kila jamaa ina haki ya kupata makao yenye heshima, yanayolingana na hesabu ya watu wake, mahali penye huduma zilizo za lazima. Basi tutazame namna ya kuyatafuta katika mji wetu wa Lubumbashi.

Tujihesabu kwanza

Kabla ya kwenda kutazama nyumba, baba na mama waketi pamoja. Sisi ni wangapi? Wavulana na wasichana wamekuwa wakubwa, wahitaji vyumba mbalimbali? Bibi mzee anakaa nasi? Yuko mpwa anayekuja kusoma? Mama akiuza unga, afadhali nyumba ndogo karibu na njia kuliko nyumba kubwa iliyojificha.

Tena tuhesabu safari. Watu hukimbilia Annexe kwa sababu kodi ni ndogo. Lakini watoto watatu wakipanda gari kwenda shuleni na kurudi, ni safari 6 kila siku. Kwa siku 22 za masomo ni safari 132 kwa mwezi. Tukiongeza na safari za baba kwenda kazini Kampemba, huenda nyumba ya bei ndogo ikawa ghali kuliko ile ya Katuba au Kenya.

Maji, kuta na hewa

Tukifika katika parsela, tuulize maji kabla ya kuuliza kodi. Bomba la Regideso linatoa maji kweli, au limekauka? Kama ni kisima, choo kiko wapi? Waganga hushauri kisima kiwe mbali na choo, walau mita 30, tena upande wa juu. Lakini parsela ya mita 20 kwa 25, kutoka pembe hata pembe, ina mita 32 tu. Na choo cha jirani chaweza kuwa nyuma ya ukuta! Kwa hiyo tutazame na ng'ambo ya ua. Panapo shaka, maji ya kunywa yachemshwe kila siku.

Kisha tutazame chini ya kuta. Matofali mengi ya kwetu hufinyangwa kwa udongo wa vichuguu. Yaliyochomwa vema hudumu miaka mingi. Mabichi huliwa na mvua za Novemba mpaka Machi. Alama ya maji ukutani, au ufa uliopakwa chokaa jana, husema kweli kuliko mwenye nyumba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza: usipouona ufa utaulipia.

Chumba kisicho na dirisha ni hatari. Katika baridi ya Juni na Julai watu huingiza mbabula ndani na kufunga mlango. Makala yanapowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Mbabula ibaki nje, hata baridi ikizidi.

Hati kabla ya matofali

Mpangaji aandikiane mkataba na mwenye nyumba, na kila alipapo apokee risiti. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 yasema kwamba garanti ya nyumba ya kukaa isipite kodi ya miezi mitatu. Anayedai miezi sita au kumi avunja sheria.

Anayenunua awe na macho manne. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa na cheti cha kuandikishwa tu. Karatasi ya chifu au ya mtaa si cheti hicho. Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, twende katika ofisi ya ardhi kuuliza parsela imeandikwa kwa jina la nani.

Mara ngapi tumemwona mjane akitolewa nje pamoja na watoto, kwa sababu marehemu alinunua kwa maneno matupu, na mtu wa pili akaja na cheti mkononi! Wengine hufukuzwa na ndugu za mume. Lakini Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 yampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba alimoishi na mumewe. Ili haki hiyo isiwe na mashaka, ndoa iliyobarikiwa kanisani iandikishwe na serikalini, na cheti cha parsela kibebe majina ya wote wawili.

Tuamue pamoja

Baba asihamishe jamaa bila kusikia neno la mama. Yeye ndiye ajuaye umbali wa maji na uzito wa ndoo. Yezu mwenyewe alitufundisha kwamba anayetaka kujenga huketi kwanza na kuhesabu gharama. Nyumba ya Nazareti haikuwa ya fahari, lakini palikuwa na kazi, sala na mapatano. Nyumba yetu ikiwa na maji safi, hewa, hati ya kweli, na pembe moja ambamo wote hupiga magoti jioni, tuseme bila haya: hii yatutosha.