Kwa nini chajio cha kuchelewa hupandisha sukari mwilini

WAGONJWA wa kisukari humu nchini wamezoea kuulizwa swali moja kila wanapofika kliniki: Unakula nini? Kisha huambiwa wapunguze wanga, waache soda na wazidishe mboga. Nasaha hizo ni njema na hakuna anayezipinga. Hata hivyo, ni nadra mgonjwa kuulizwa anakula saa ngapi, ilhali utafiti wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba sahani ile ile ya chakula haiwi na athari sawa katika damu ikiliwa asubuhi na ikiliwa usiku.

Chanzo cha tofauti hiyo ni kile wataalamu wanachokiita saa ya mwili. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana, mna kundi la seli zipatazo 20,000 ambazo kazi yake ni kupima mwendo wa siku. Saa hiyo hujiendesha yenyewe kwa mzunguko unaokaribia saa 24, na kila siku hurekebishwa na mwanga uingiao machoni. Dalili za kuwepo kwa saa ya aina hii katika viumbe zilionekana zamani. Mnamo 1729, mwanasayansi Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliufungia mmea gizani, akaona kwamba majani yake yaliendelea kufunguka mchana na kujikunja usiku japo jua halikuufikia. Ilichukua zaidi ya karne mbili kabla ya siri yenyewe kufichuliwa. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka wa 2017 kwa kueleza, kupitia nzi wadogo wa matunda, jinsi jeni zinavyoiendesha saa hiyo ndani ya seli.

Pengine Mswahili hapaswi kulistaajabia jambo hili. Yeye huhesabu saa zake kuanzia mapambazuko, si kuanzia usiku wa manane, na katika nchi iliyopitiwa na ikweta hesabu hiyo haimpotezi: jijini Nairobi, saa ya jua kuchomoza hutofautiana kwa takriban nusu saa tu mwaka mzima. Siku ya mwili pia huanza na mwanga.

Ubongo hauko peke yake katika kazi hii. Ini, kongosho, misuli na hata mafuta ya mwilini yana saa zake. Tofauti ni kwamba saa ya ubongo hufuata mwanga, ilhali saa za viungo hivi huathiriwa sana na wakati wa kula. Mtu anapokula nyakati ambazo ubongo umekwisha kutangaza usiku, viungo hupokea amri mbili zinazokinzana.

Kongosho ndiyo inayotengeneza insulini, homoni inayoziwezesha seli kuipokea sukari kutoka kwa damu. Kwa kawaida mwili huitikia insulini vyema zaidi nyakati za asubuhi. Jua linapotua, ubongo huanza kumwaga melatonini, homoni inayouandaa mwili kwa usingizi. Melatonini hiyo huifikia kongosho pia na kuipunguzia kasi ya kutoa insulini. Kwa hivyo, anayekula sana usiku huipa kongosho mzigo mzito wakati inajiandaa kupumzika.

Watafiti wa jiji la Boston, Marekani, walilipima jambo hili kwa watu 14 wenye afya njema na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2015. Walipolishwa chakula cha aina moja saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, sukari katika damu baada ya kula ilikuwa juu kwa asilimia 17 usiku kuliko asubuhi. Utafiti mwingine uliofanyiwa watu 845 nchini Uhispania, na kutolewa mwaka wa 2022, ulilinganisha sukari ya mtu saa nne kabla ya wakati wake wa kulala na saa moja kabla ya wakati huo. Katika hali ya pili insulini ilipungua kwa takriban asilimia 7, nayo sukari ikapanda kwa asilimia 8. Kwa mtu mzima wa afya, tofauti hizo huenda zisimdhuru leo wala kesho. Kwa aliyekwisha kuugua, au anayekaribia kuugua, hujirudia kila usiku, mwaka nenda mwaka rudi.

Sasa na tutazame siku ya mfanyakazi wa kawaida jijini. Huondoka nyumbani alfajiri akiwa amekunywa chai ya rangi au hajatia kitu mdomoni. Adhuhuri hupata chapati na maharagwe kibandani, ikiwa mfuko unaruhusu. Jioni hukwama katika msongamano wa magari, akafika nyumbani saa mbili au saa tatu usiku. Ugali huiva wakati wa taarifa za habari za saa tatu, nao huwa ndio mlo mkubwa kuliko yote. Nusu saa baadaye yuko kitandani. Mlo mzito zaidi wa siku umeangukia saa ambayo mwili una uwezo mdogo zaidi wa kuubeba.

Kumwambia mtu huyo ale chajio saa kumi na mbili jioni ni kumfanyia mzaha. Saa hiyo angali kituoni akisubiri matatu. Linalowezekana ni kuuhamisha uzito wa chakula. Anaweza kubeba githeri, yai la kuchemsha, nduma au kiazi kitamu akala saa kumi au kumi na moja kabla ya kutoka kazini, kisha usiku akala kidogo: mboga, omena au maharagwe, na kipande cha ugali badala ya mlima. Utaratibu wa kula nao una maana. Utafiti mdogo uliofanyiwa wagonjwa 11 wa kisukari jijini New York, na kuchapishwa mwaka wa 2015, ulionyesha kwamba waliotangulia kula mboga na nyama kabla ya wanga walikuwa na sukari ya chini kwa zaidi ya thuluthi moja saa moja baada ya kuanza kula, ikilinganishwa na walipoanza na wanga. Matembezi ya dakika kumi na tano baada ya mlo husaidia pia, kwa kuwa misuli inayofanya kazi hujichotea sukari.

Hapa pana onyo ambalo halifai kupuuzwa. Mgonjwa anayejidunga insulini, au anayemeza tembe za kuisukuma kongosho kama vile glibenklamidi, asipunguze wala kuacha chajio kabla ya kuzungumza na daktari wake. Dawa itaendelea kufanya kazi hata kama chakula hakikuja, na sukari ikishuka kupita kiasi usiku mtu akiwa amelala, anaweza kuzimia bila yeyote kujua. Saa ya chakula ikibadilika, huenda kipimo au saa ya dawa ikahitaji kubadilika pia.

Kuna fumbo jingine linalowasumbua wengi: mtu hulala sukari ikiwa sawa, akaamka imepanda ilhali hakula chochote usiku. Wengine hushukiwa na jamaa zao kwamba wameiba chakula jikoni. Ukweli ni kwamba kuanzia mnamo saa tisa usiku, mwili hutoa homoni, ikiwemo kortisoli, za kuuandaa kuamka, na ini huachilia akiba yake ya sukari. Asiyeugua hutoa insulini ya kutosha kuikabili, mgonjwa hushindwa. Kwa sababu hiyo, mwito wa kula chamshakinywa kizuri haumaanishi mandazi matatu na chai yenye vijiko vinne vya sukari. Uji wa wimbi usiotiwa sukari, pamoja na yai au maharagwe, ungefaa zaidi.

Usingizi nao ni sehemu ya saa hii. Mwaka wa 1999, watafiti wa Chicago waliwanyima vijana 11 wenye afya usingizi wa kutosha, wakiwaruhusu saa nne tu kitandani kwa usiku sita mfululizo. Uwezo wa miili yao wa kuiondoa sukari katika damu ulidorora waziwazi. Anayekesha akitazama rununu hadi saa saba usiku hujiongezea madhara mawili: hupunguza usingizi, na mwanga wa kioo huiambia saa ya ubongo kwamba bado ni mchana.

Walio katika hali ngumu zaidi ni wa zamu ya usiku: mabawabu, wauguzi, madereva wa malori na wafanyakazi wa viwandani. Uchunguzi uliohusisha wauguzi wa kike zaidi ya 170,000 nchini Marekani, uliotolewa mwaka wa 2011, ulibainisha kwamba kadiri miaka ya zamu za usiku ilivyoongezeka ndivyo hatari ya kuugua kisukari ilivyopanda, ingawa sehemu ya hatari hiyo ilitokana na kunenepa. Hawa hawawezi kuacha kazi. Wanachoshauriwa ni kula mlo wao mkubwa kabla ya kuingia zamu, wapunguze chakula kati ya saa sita usiku na alfajiri, na walale mchana katika chumba chenye giza.

Katika mwezi wa Ramadhani, saa za kula hugeuka kwa mamilioni ya watu, wakiwemo wakazi wengi wa Mombasa na Lamu. Mgonjwa anayekusudia kufunga hushauriwa kumwona daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, aisogeze daku karibu na alfajiri, na asifungue kwa kaimati na sharubati tamu. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, au ikipita 16.6, anatakiwa afungue mara moja.

Mwenye kifaa cha kupimia sukari nyumbani anaweza kujichunguza mwenyewe. Vijiti vya kupimia ni ghali, kwa hivyo si lazima apime kila siku. Apime kabla ya chajio na saa mbili baada yake kwa siku tatu akila saa yake ya kawaida, kisha siku nyingine tatu akila chakula kile kile saa mbili mapema. Aziandike nambari hizo pamoja na saa alizokula, saa alizomeza dawa na saa alizolala, na karatasi hiyo aipeleke kliniki siku ya miadi.