Taa ya Injini Inapowaka: Kutunza Vihisi vya Moshi Katika Gari Kuukuu

Taa ndogo ya manjano yenye umbo la injini inawaka kwenye dashibodi. Gari linaendelea kutembea kama kawaida, na mwenye gari anaamua kwamba hakuna neno. Baada ya miezi kadhaa, petroli iliyokuwa ikitosha kwenda sokoni na kurudi haitoshi tena. Gari linapelekwa gereji, makanika anasema ni "sensa", maelfu ya shilingi yanatumika kununua mpya, na siku mbili baadaye taa ile ile inawaka tena. Kumbe tatizo lilikuwa mpira wa hewa uliopasuka, ambao ungenunuliwa kwa bei ya chakula cha mchana.

Hasara ya namna hii huwapata wakazi wengi, kwa sababu magari mengi yanayotumika nchini yaliingia yakiwa tayari yametumika ng'ambo, hasa Japani. Kiwango cha kitaifa cha KS 1515 hakiruhusu kuingizwa kwa gari lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, lakini likishafika huendelea kuhudumu kwa miaka mingi. Vihisi vyake huzeeka pamoja nalo, na havizeeki kimya: petroli hupotea na moshi huzidi.

Moshi huo hauishii kwa mwenye gari. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka wa 2010 limezipa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa. Ukaguzi wa magari uko mikononi mwa NTSA, na magari ya uchukuzi wa umma na ya biashara hukaguliwa kila mwaka. Hata hivyo, anayevuta moshi wa gari siku zote 365 ni mama anayeuza mahindi kando ya steji, pamoja na mtoto anayesubiri basi la shule.

Vihisi hivi hufanya nini

Mafundi huviita sensa, nazo si za kuhesabu watu. Ni vifaa vidogo vinavyoiambia kompyuta ya gari mambo yalivyo ndani ya injini, ili ijue ipulize petroli kiasi gani. Petroli huungua vizuri ikichanganywa na hewa kwa uzani wa takriban 14.7 kwa 1. Petroli ikizidi, moshi huwa mweusi na hewa ya kaboni monoksaidi huongezeka. Hewa ikizidi, injini hukosa nguvu na huweza kupata joto jingi kupita kiasi.

Kihisi kinachosumbua zaidi ni kile cha oksijeni, kilichofungwa kwenye bomba la moshi karibu na injini. Hupima oksijeni iliyobaki baada ya petroli kuungua. Magari mengi huwa na kingine cha pili, nyuma ya kisafisha moshi, yaani ule mtungi wenye matundu kama sega la nyuki ambao mafundi huuita katalitiki. Kile cha mbele huongoza upulizaji wa petroli. Cha nyuma ni mlinzi tu, kazi yake kuu ni kuangalia kama katalitiki bado inafanya kazi.

Kuna pia kipima hewa, kilicho baada ya chujio la hewa, na kihisi cha joto la maji ya injini. Hicho cha joto hudharauliwa kwa sababu ni kidogo na bei yake ni nafuu. Kikiidanganya kompyuta kwamba injini bado ni baridi, petroli itazidishwa kutoka asubuhi hadi jioni.

Thamostati iliyotupwa

Hapa kuna desturi ya gereji nyingi ambayo huwagharimu watu bila wao kujua. Gari likichemsha maji, fundi huondoa thamostati na kuitupa, akisema kwamba katika nchi yenye joto haina kazi. Maji huzunguka bila kizuizi, gari halichemki tena, na mteja anaondoka akiwa ameridhika.

Lakini thamostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya pekee. Kazi yake ni kuifikisha injini haraka kwenye joto lake la kazi, ambalo katika magari mengi ni kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi. Isipokuwepo, injini huchelewa kupata joto, na katika safari fupi za asubuhi, hasa sehemu za nyanda za juu, huenda isilifikie kabisa. Kompyuta huona baridi, huongeza petroli, na masizi ya petroli hiyo ya ziada hugandamana kwenye kihisi cha oksijeni na kwenye plagi. Mwaka mmoja baadaye mwenye gari anaambiwa sensa imekufa. Sensa iliuawa na rejeta iliyoziba, ambayo haikuoshwa siku ile thamostati ilipotupwa.

Mambo mengine yanayoua kihisi cha oksijeni ni oili inayoungua ndani ya injini, maji ya rejeta yanayopenya kupitia gasketi iliyoungua, na gundi ya silikoni ambayo mafundi hupenda kuipaka badala ya gasketi. Si kila silikoni inafaa: kopo la gundi inayofaa huandikwa kwamba ni salama kwa sensa. Zamani risasi iliyotiwa ndani ya petroli ndiyo iliyokuwa adui mkubwa, lakini Kenya iliacha kuiuza petroli hiyo kufikia mwaka wa 2006. Uchakachuaji wa mafuta kwa kuongeza mafuta ya taa umepungua tangu ushuru wa mafuta ya taa ulipopandishwa mwaka wa 2018, lakini petroli ya bei ya chini isivyo kawaida, inayouzwa kwa mitungi kando ya barabara, bado ni ya kushukiwa.

Kabla ya kununua chochote

Kwanza, aangalie taa yenyewe. Ikiwaka bila kupepesa, gari linaweza kufika gereji bila haraka. Ikiwaka na kuzimika mfululizo huku injini ikitetemeka, kuna silinda isiyochoma petroli yake. Petroli hiyo huenda kuungulia ndani ya katalitiki na kuiyeyusha. Dereva apunguze mwendo, asimame mahali salama, na asiendelee na safari ndefu. Mara nyingi kosa huwa ni plagi au koili yake, vitu vya bei ndogo kuliko katalitiki.

Pili, msimbo usomwe na kuandikwa kabla ya mtu yeyote kuufuta. Magari mengi ya Japani ya miaka ya 2000 yana soketi ya matundu 16 chini ya usukani, na kifaa kidogo cha kusoma kinachounganishwa na simu hupatikana katika maduka mengi ya spea. Magari ya zamani zaidi hayana soketi hiyo. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, fundi huunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa waya, kisha huhesabu taa inavyopepesa. Hiyo ni kazi ya anayeijua, kwani kukosea tundu kunaweza kuunguza waya au kompyuta.

Msimbo si hukumu. Ni malalamiko tu. P0171 humaanisha kwamba kompyuta inaona hewa nyingi kuliko petroli. Haisemi kwamba kihisi kimeharibika. Kihisi kinaweza kuwa shahidi mkweli anayefungwa kwa kosa la mwingine. Mpira uliopasuka baada ya kipima hewa huingiza hewa ambayo haikuhesabiwa. Pampu dhaifu ya petroli huleta dalili hiyo hiyo. Hata tundu dogo kwenye bomba la moshi, mbele ya kihisi, huvuta hewa ya nje kati ya mpigo mmoja wa moshi na mwingine, na kihisi huiona kama oksijeni ya ziada. Kwa hiyo kabla ya kununua, fundi asikilize mlio wa kufyonza hewa, avikunjekunje vipira kwa mkono injini ikiwa imezimwa, na atafute alama nyeusi za masizi kwenye maungio ya bomba la moshi.

Kipima hewa kichafu ni kosa la kawaida kwa magari yanayopita barabara za murram, hasa chujio la hewa likikaa muda mrefu bila kubadilishwa au likiwa halikushika vizuri kwenye sanduku lake. Ndani yake mna uzi mwembamba unaopashwa joto. Husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, kisha huachwa ukauke kabisa kabla ya kurudishwa. Usiguswe kwa kidole, kitambaa wala mswaki, na dawa ya kusafishia kabureta isitumike.

Kupima kihisi chenyewe

Ikiwa hayo yote ni mazima, ndipo kihisi cha oksijeni kipimwe. Kile cha aina ya kawaida hufanya kazi kikishapata joto la zaidi ya nyuzi 300, ndiyo maana kina hita ndogo ndani. Hita iliyokatika huleta msimbo kama P0135, na mita ya umeme huithibitisha kwa dakika chache: hita nzima huonyesha omu chache tu, iliyokatika haionyeshi muunganisho wowote. Fyuzi ya hita hiyo ikaguliwe pia. Wengi wamenunua kihisi kipya kwa sababu ya fyuzi.

Injini ikiwa moto, kihisi kizima cha mbele hupanda na kushuka kati ya takriban volti 0.1 na 0.9, mara kadhaa katika sekunde 10. Kikikaa mahali pamoja, au kikienda polepole kama mtu mgonjwa, kimechoka. Cha nyuma ni kinyume chake: kinapaswa kutulia. Kikianza kurukaruka sawa na cha mbele, katalitiki haisafishi tena, na msimbo wa P0420 hufuata. Kipimo hiki hakifai kwa magari yenye kihisi cha aina mpya kinachopima uwiano wa hewa na petroli, kama zilivyo Toyota nyingi za miaka ya 2000. Hicho husomwa kwa mashine.

Kikihitaji kubadilishwa, nambari iliyoandikwa juu yake ilinganishwe na ya kipya. Kihisi kilichotolewa kwenye gari jingine kuukuu ni bahati nasibu, kwa kuwa hakuna ajuaye kimetembea kilomita ngapi. Kukata waya na kuunga kwa kusokota ni kosa la kawaida: katika vihisi vingi hewa safi ya kulinganishia hupitia ndani ya waya, na kiungo kilichoingia maji au grisi hukifanya kidanganye. Kifunguliwe injini ikiwa na uvuguvugu, kwa spana yake yenye mwanya wa kupitisha waya, na kwa subira. Nyuzi za bomba la moshi zikikatika, kazi ya nusu saa hugeuka kuwa ya kuchomelea.

Katalitiki haiuzwi

Baadhi ya wenye magari hushawishiwa kuikata katalitiki na kuuza, wakiambiwa kwamba gari litakuwa jepesi. Mnunuzi anajua anachotafuta: ndani yake mna platini, paladi na rodi, madini ya thamani kubwa. Mwenye gari hubaki na bomba tupu, taa ya injini isiyozimika, na moshi wenye sumu usiochujwa. Gari likiachwa gereji usiku, ni vyema mwenyewe alipige picha chini kabla ya kuondoka, maana wapo waliorudishiwa gari bila katalitiki na wasijue.

Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, nayo huua. Gari lisiwashwe ndani ya gereji iliyofungwa au kibanda kisicho na madirisha, hata kwa dakika chache za kulipasha joto asubuhi. Bomba la moshi lililotoboka chini ya viti linaweza kuingiza hewa hiyo ndani ya gari. Abiria wanaoumwa na kichwa au kuhisi kichefuchefu kila wanaposafiri na gari fulani, kisha wakapata nafuu wakishuka, wana sababu ya kutaka bomba hilo likaguliwe siku hiyo hiyo.

Wanaojiandaa kwa ukaguzi wasidanganyike na hila ya kuchomoa betri ili taa izimike. Kumbukumbu ya kompyuta hufutika, lakini kosa hubaki palepale, na baada ya mwendo wa siku chache taa hurudi. Matengenezo yakishafanyika kikweli, msimbo ufutwe, gari liendeshwe kwa siku kadhaa katika mwendo wa mjini na wa barabara kuu, kisha lisomwe tena. Karatasi yenye msimbo wa kwanza na risiti ya spea vihifadhiwe. Fundi wa safari ijayo atavihitaji.